Utangulizi: Kinachokwisha Kwanza

Sura zinazofuata zina hesabu nyingi, lakini swali lake ni moja: vitu viwili vikimenyuka, kipi kitakwisha kwanza? Hicho ndicho kinachoamua zao litakuwa kiasi gani. Kingine, hata kikiwa tele, hakiongezi kitu. Wanakemia hukiita kile cha kwanza kitendanishi kikomo.

Tuchukue amonia, ambayo ndiyo inayozaa mbolea ya urea tunayokuzia mahindi. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha namna ya kuiunda kwa naitrojeni na haidrojeni, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kikaanza kuitengeneza kwa wingi. Mlinganyo wake ni N₂ + 3H₂ → 2NH₃: kila moli 1 ya naitrojeni inadai moli 3 za haidrojeni.

Sasa pima gramu 28 za naitrojeni na gramu 10 za haidrojeni. Wanafunzi wengi hukimbilia mizani: haidrojeni ni kidogo, basi ndiyo itakayokwisha. Sivyo. Moli ya naitrojeni ina gramu 28, kwa hiyo tunayo 1 tu. Ya haidrojeni ina gramu 2, kwa hiyo tunazo 5, na zinazotakiwa ni 3. Naitrojeni inakwisha, tunapata gramu 34 za amonia, na gramu 4 za haidrojeni zinabaki hivi hivi.

Lakini hata moli usizilinganishe zikiwa ghafi. Gawanya kwanza moli za kila kitu kwa namba iliyoandikwa mbele yake katika mlinganyo, ndipo utazame jibu lipi ni dogo. Hatua hii fupi ndiyo inayorukwa kuliko zote. (Kiwandani, kwa kweli, mmenyuko huu haufiki mwisho, gesi iliyobaki hurudishwa mtamboni. Hesabu yetu hutoa kiwango cha juu kabisa kinachowezekana.)

Wala jambo hili si la maabara peke yake. Jiko la mkaa likiwashwa katika chumba kilichofungwa, oksijeni ndiyo inayopungua. Kaboni isiyoipata ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, chukua kalamu: naitrojeni gramu 56, haidrojeni gramu 9. Ukipata amonia gramu 51 na naitrojeni gramu 14 zilizobaki, endelea. Ukipata vingine, hujagawanya.