Mwali wa gazi unatuambia nini?

Siku hizi katika nyumba nyingi za Lubumbashi jiko la gazi linakaa kando ya mbabula. Umeme ukikatika, tunawasha gazi na bukari inaiva upesi. Basi tujifunze kusoma rangi ya mwali wake.

Mwali mzuri ni wa buluu, umetulia, hauna moshi. Maana yake gazi inapata hewa ya kutosha na inaungua yote.

Cheche za rangi ya machungwa zikionekana kidogo kisha zikaisha, mara nyingi ni chumvi ya maji yaliyofurika kutoka sufuria, ao vumbi letu la kiangazi. Hizo zisituogopeshe.

Rangi ya kijani je? Wengine wanasema ni uchawi. Hapana, ni shaba! Mji wetu ulianza kuyeyusha shaba 1911, na shaba ikiingia motoni inatoa mwali wa kijani. Vichwa vya majiko mengi vimetengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, na hata uzi wa shaba wa kusugulia vyombo unaacha chembe. Tusafishe vizuri, rangi ikibaki, fundi aangalie.

Wa kuogopa ni mwali wa manjano, mrefu, unaochezacheza na kupaka sufuria masizi. Hapo hewa haitoshi. Pengine matundu yamezibwa na uji, mafuta ao wadudu. Gazi isiyoungua vizuri inatoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi ambao mtu anaweza asiamke. Watu wawili watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, tusiseme ni malaria tu. Tuzime moto, tutoe watoto nje, twende kituo cha afya.

Sumu hiyo hiyo inatoka kwa makala. Usiku wa baridi wa mwezi wa 6 na wa 7, tusiingize mbabula katika chumba cha kulala, hata makala yakiwa mekundu bila moshi.

Tufanye hivi kila juma:
– Jiko likiwa limezimwa na kupoa, tuoshe kichwa chake, tuzibue matundu kwa sindano, tukaushe kabisa.
– Tupike dirisha likiwa wazi.
– Tupake mpira maji ya sabuni; povu likivimba, gazi inavuja. Tusitafute kwa kiberiti kamwe!
– Tukisikia harufu ya gazi, tufunge chupa, tufungue milango, tusiguse taa. Gazi ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, pale watoto wanapocheza.

Kila mama afundishe binti, mvulana na mtumishi wa nyumbani: buluu, endelea, manjano, zima kwanza.