Kovu Limekauka, Maumivu Yamebaki

Mama mmoja wa Mangobo, hapa Kisangani, jirani wa dada yangu, hafungi tena kitenge kiunoni. Anakipandisha mpaka chini ya matiti, anakikaza pale, tumbo linabaki huru ndani ya gauni pana. Alijifungua kwa sezariene miezi tisa iliyopita. Mtoto sasa anatambaa, na kovu limekauka vizuri: mstari mwembamba mweusi ambao munganga yeyote angeridhika nao. Ila kwenye ncha ya kulia ya mstari huo kuna mahali padogo, upana wa kidole gumba, ambapo nguo ikigusa tu anashtuka. Panawaka kama pilipili. Mara nyingine umeme unampiga kutoka hapo hadi kinenani, naye ameketi tu anachambua sombe. Baiskeli ya toleka hapandi tena, maana kila shimo la barabara analisikia tumboni.

Alirudi hospitalini mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa kidonda kimepona. Ni kweli, kilikuwa kimepona. Nyumbani wengine wakasema anajidekeza, wengine wakatafuta mchawi. Kwenye duka la dawa wakampa paracetamol, kisha diclofenac, kisha diclofenac ya sindano. Miezi tisa ikapita hivyo, na nina hakika wasomaji wengi wa Kisangani wanamjua mtu wa namna hiyo: aliyepasuliwa ngiri, aliyetolewa titi, aliyefunguliwa kifua, aliyekatwa mguu. Hawa watu hawaigizi. Wana ugonjwa, ugonjwa huo una jina, na una dawa zake ambazo si zile walizopewa.

Tuanze na neno linalotuchanganya. Mtu wa hapa akisema anaumwa mishipa, munganga anaweza kusikia mambo matatu: mishipa ya damu, ngiri, ambayo wengi huiita mshipa, au neva, yaani mishipa ya fahamu. Hizi neva ni nyuzi zinazopeleka habari kati ya ngozi, uti wa mgongo na ubongo. Mpasuaji anapofungua tumbo la chini kwa sezariene, anakata kwa kukingama, na kwenye ncha mbili za mkato huo hupita neva nyembamba zinazohudumia ngozi ya kinena na ya chini ya tumbo. Hata mikono mizuri inaweza kuzikata, kuzivuta, au kuzishona pamoja na nyama. Kovu lenyewe nalo linaweza kuzibana baadaye linapokakamaa.

Neva iliyokatwa haikubali kufa. Inajaribu kuota tena, kwa mwendo wa milimita moja hivi kwa siku, ikitafuta njia yake ya zamani. Isipoiona, nyuzi zake hujisokota na kuwa fundo dogo. Fundo hilo hutuma habari za moto na umeme bila moto wala umeme kuwapo. Habari hizo zikimiminika kwa wiki na miezi, uti wa mgongo nao hubadilika, unakuwa mwepesi wa kushtuka, hadi mguso wa kitambaa unafika kwenye ubongo kama kuunguzwa. Ndiyo maana mama wa Mangobo hawezi kitenge.

Na ndiyo maana diclofenac haikumsaidia. Dawa hiyo inapunguza uvimbe na kemikali zinazotokana nao, na hapa hakuna uvimbe. Kilichoharibika ni waya wenyewe. Kuimeza kwa miezi kunaweza kumwachia mtu vidonda vya tumbo na figo zilizochoka, huku maumivu yakibaki palepale. Sindano ya kitako nayo, ikichomwa na mtu asiyejua mahali, inaweza kugonga neva kubwa inayoshuka mguuni na kuongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Jambo hili linanisikitisha kuliko yote katika habari hii, kwa kuwa fedha hizo za sindano zingetosha kununua dawa sahihi.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeyapa maumivu haya nafasi yake: maumivu sugu baada ya upasuaji, yaani yale yanayodumu zaidi ya miezi mitatu bila sababu nyingine, kama vile usaha au saratani iliyorudi. Si yote yanatoka kwenye neva, lakini sehemu kubwa ya yale makali hutoka huko. Baada ya upasuaji wa ngiri, takriban mtu 1 kati ya 10 hubaki na maumivu ya kudumu. Baada ya sezariene ni karibu hivyohivyo, ingawa kwa wengi ni mepesi.

Kuyatambua hakuhitaji mashine. Mwaka 2005 watafiti wa Ufaransa walichapisha kipimo kinachoitwa DN4, chenye vipengele 10 tu, nacho kinafaa sana kwetu kwa kuwa wauguzi wetu wamesoma kwa Kifaransa. Mgonjwa anaulizwa: panaungua? Pana baridi inayouma? Unapigwa na umeme? Pana sisimizi wanaotembea, vichomi vya sindano, ganzi, mwasho? Kisha munganga anagusa ngozi kwa pamba na kwa ncha kali, apime kama hisia imepungua, na anapapasa aone kama mguso mwepesi unaleta maumivu. Majibu manne ya ndiyo au zaidi yanaelekeza kwenye neva. Mambo yote hayo ni dakika tano na kipande cha pamba. Mama wa Mangobo alipata sita, siku alipokutana na munganga aliyekuwa na hizo dakika tano.

Kuna kundi jingine katika mji huu ambalo ningependa kulizungumzia. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa na takriban 1,700 waliojeruhiwa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, kati yake milioni 225 kwa madhara ya watu, na mfuko wa kugawa fidia hiyo, FRIVAO, uliwekwa hapahapa mjini. Mazungumzo mengi ya wahanga ni ya majina, orodha na fedha. Ni haki yao. Lakini aliyekatwa mguu katika vita vile anaweza kuwa na deni lingine mwilini: mguu usiokuwepo unaendelea kuuma. Vidole vilivyozikwa vinakunjwa, kisigino kinachomwa, usiku unyayo unawasha na hakuna pa kukuna.

Zaidi ya nusu ya waliokatwa kiungo hupata maumivu hayo. Daktari Silas Weir Mitchell wa Marekani aliyaeleza miaka zaidi ya 150 iliyopita, baada ya kuhudumia majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake. Ubongo una ramani ya mwili mzima, na mguu ukikatwa ramani haifutiki. Inaendelea kungoja habari, na inazopata ni za fundo la neva kwenye kigutu. Mtu mzima mwenye miaka 60 anaweza kunyamaza juu ya hili kwa robo karne kwa kuogopa kuitwa mwehu. Papa, huna wazimu.

Njia moja ya kumsaidia ni kioo. Mgonjwa anaketi, anasimamisha kioo kirefu katikati ya miguu, kigutu kikiwa nyuma yake. Anaangalia mguu mzima ndani ya kioo, anauchezesha polepole, anakunja na kukunjua vidole. Macho yanauambia ubongo kwamba miguu ni miwili na inatii. Mwaka 2007 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha jaribio dogo: askari waliofanya hivyo dakika 15 kila siku kwa wiki nne walipata nafuu kuliko waliotazama kioo kilichofunikwa. Majaribio ya baadaye hayakukubaliana yote. Ila lile linalotugusa zaidi lilifanyika Kamboja, kwa watu 45 waliokatwa miguu na mabomu ya ardhini, katika vijiji vyenye hali kama zetu. Wengine walipewa kioo, wengine walifundishwa kusugua kigutu, wengine vyote viwili, dakika chache asubuhi na jioni. Makundi yote yalipata nafuu kubwa, na waliounganisha yote mawili walipata zaidi kidogo. Kioo cha kunyolea hakitoshi, kinatakiwa kile kirefu cha fundi cherehani. Bado ni kitu cha sokoni.

Kwa upande wa dawa, inayoongoza kwetu ni amitriptyline. Ni dawa ya zamani ya huzuni kubwa, na hapo ndipo wengi hukasirika: kumbe mnaniona nimechanganyikiwa! Hapana. Kwa kipimo kidogo inaongeza nguvu ya njia ambazo uti wa mgongo hutumia kuzima maumivu. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na bei yake ni nafuu. Huanzwa kwa miligramu 10 hadi 25 usiku, huongezwa taratibu, na huhitaji wiki kadhaa kabla ya kusema imeshindwa. Hukausha kinywa, huleta usingizi na choo kigumu. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au mzee anayekojoa kwa shida amwambie munganga kwanza, na mama anayenyonyesha vilevile. Gabapentin ni njia ya pili inapopatikana. Uchambuzi mkubwa uliotolewa mwaka 2015 katika jarida The Lancet Neurology ulionyesha kwamba kwa dawa za kundi la amitriptyline, kati ya wagonjwa wanne hivi mmoja hupata nafuu kubwa inayotokana na dawa yenyewe, na kwa gabapentin ni mmoja kati ya sita au saba. Ni wachache kuliko tunavyotaka. Kwa hiyo dawa ikikataa ibadilishwe, isiongezwe kiholela, na mtu asiazime karbamazepine ya jirani mwenye kifafa.

Kwa maumivu ya mahali padogo, sindano ya lidokaine, ileile ya kung'olea jino, ikichomwa kwenye neva iliyobanwa inaweza kuzima moto kwa saa chache au kwa wiki. Ikizima, munganga amejua pia ni neva ipi. Mpasuaji naye ana kazi yake kabla ya hayo yote: kuzitafuta neva na kuzikwepa, na kuzima maumivu ya siku za kwanza kwa uzito. Anayelia sana baada ya upasuaji ndiye aliye katika hatari zaidi ya kubaki na maumivu ya kudumu, kwa hiyo kumwambia mama avumilie tu si matunzo mema.

Mama wa Mangobo alichomwa lidokaine mara moja, akaanza nusu ya kidonge cha amitriptyline cha miligramu 25, huku munganga akijua ananyonyesha. Wiki ya kwanza alisinzia hadi saa tatu asubuhi, akataka kuiacha. Wiki ya sita analala usiku mzima, na ameambiwa akitaka kuacha apunguze kidogokidogo. Kitenge bado anakifunga juu. Mtoto akilala, anachukua pamba anapapasa ukingo wa kovu, dakika tano, kisha leso, kisha kipande cha taulo. Pamba na leso anaviweza. Taulo bado.