Jarida Lililozifundisha Kompyuta Kuimba

Chukueni herufi K, wajukuu wangu. Ndiyo inayoanza jina la mtaa wetu, Kibera, na ndiyo inayoanza jina la mtaa wa Kawangware. Sisi tunaiandika kwa mistari mitatu. Kompyuta haijui mistari, inajua sifuri na moja tu, kwa hiyo K kwake ni 01001011. Tarakimu hizo 8 zikikaa pamoja zinaitwa baiti. Hesabuni basi: Kibera ni baiti 6, Kawangware ni baiti 10.

Palikuwa na jarida lenye jina hilohilo kwa Kiingereza, Byte. Lilizaliwa Septemba 1975 katika mji mdogo wa Peterborough, jimbo la New Hampshire, Marekani. Januari ya mwaka huo jarida jingine, Popular Electronics, lilikuwa limetoa picha ya Altair 8800, kompyuta ambayo mtu aliagiza vipande vyake kwa posta akaviunga mwenyewe mezani. Haikuwa na kioo wala kibodi. Ilikuwa na swichi na vitaa vyekundu basi. Maombi yalimiminika, vifurushi vikafika majumbani, halafu watu wakakwama: nani atatuelekeza? Byte likaifanya kazi hiyo.

Taabu mojawapo ilikuwa hii. Ukizima kompyuta, ulichokiandika kimepotea. Kwa hiyo Novemba 1975 Byte liliwaita mafundi wakutane Kansas City, wakubaliane namna ya kuweka kazi kwenye kaseti, zilezile za muziki ambazo babu zenu walikuwa wakizizungusha kwa kalamu zikikwama redioni. Wakasema sifuri iwe mawimbi 4 ya sauti ya chini, na moja iwe mawimbi 8 ya sauti ya juu. K yetu ikawa wimbo. Pigeni mluzi pamoja nami, tukianzia tarakimu ya mwisho kama kanda ilivyofanya: juu, juu, chini, juu, chini, chini, juu, chini. Ndiyo K hiyo! Kanda ilipitisha tarakimu 300 kwa sekunde. Picha moja ya simu, tuseme ya megabaiti 3, yaani baiti milioni 3, ingeimba karibu siku nzima, mchana na usiku.

Na gemu je? Leo mnaingia kibandani na shilingi zenu, mnashika rimoti, mnacheza. Wakati ule gemu nyingi zilichapishwa majaridani, mstari kwa mstari, nawe ukakaa kuzinakili kwa vidole jioni nzima. Ukisahau koma moja, haichezi. Ndipo unarudi ukurasani na rula, unashuka nayo mstari baada ya mstari mpaka uikamate koma iliyotoroka. Naamini hakuna shule ya kompyuta iliyowahi kuishinda rula ile, kwa sababu mtoto aliyeitafuta koma mwenyewe alijua kila mstari unafanya nini.

Byte lilinenepa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 toleo moja lilipita kurasa 500, sehemu kubwa ikiwa matangazo ya biashara. Majalada yake mengi yalichorwa kwa mkono na Robert Tinney. La Agosti 1981 lina puto kubwa la rangi linalopaa, kwa heshima ya Smalltalk, lugha ya programu iliyotengenezwa kule California. Madirisha yanayopandana kwenye kompyuta za leo yana asili yake huko.

Mwisho wake ulikuja upesi. Mei 1998 kampuni ya CMP ililinunua, na toleo la Julai 1998 likawa la mwisho. Matangazo yaliyolilisha yalikuwa yamepungua, na habari za kompyuta zilikuwa zimeanza kuhamia intaneti, ambako hazingoji mwisho wa mwezi.

Jarida limekufa, lakini watu wa aina yake ninawajua. Nendeni stendi ya matatu ya 46 pale Kawangware mkamtazame fundi wa simu: miwani puani, simu imefunguliwa tumbo, skrubu ndogo kama mbegu za mchicha zimepangwa kwenye kifuniko cha chupa zisipotee. Na hapa Kibera, mwaka 2009, kwenye ramani za intaneti mtaa wetu ulikuwa karibu mtupu, kana kwamba hapaishi mtu. Vijana wakachukua vifaa vya GPS, wakapita vichochoroni kwa miguu, wakaandika bomba la maji liko wapi, choo kiko wapi, zahanati na shule ziko wapi. Kazi hiyo iliitwa Map Kibera. Hawakusubiri mtu awachoree. Ningekuwa mhariri wa Byte, ningewapa jalada zima.

Matoleo ya Byte yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na yanasomwa bure kwenye maktaba ya mtandaoni iitwayo Internet Archive. Mkipata kompyuta yenye intaneti, shuleni au kwa kaka mkubwa, tafuteni lile la Septemba 1975. Kesho jioni njooni mniambie mmeona nini ukurasa wa kwanza, na kila mmoja aje anajua kupiga mluzi herufi ya jina lake.