Idjwi: nanasi, kahawa na sambaza wa asubuhi

Mtu wa Bunyakiri hana haja ya kufundishwa msitu. Barabara yake ya kwenda Bukavu inakatiza Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, na wapo waliokua wakisikia habari za gorila kabla hawajaona ziwa. Kwa hiyo akipata siku mbili za mapumziko, namshauri avuke milima, apande boti aende Idjwi.

Kisiwa hiki cha Ziwa Kivu ndicho cha pili kwa ukubwa kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika, baada ya Ukerewe. Ikweta iko karibu, lakini ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hivyo jioni utataka sweta. Usiende kutafuta wanyama. Watu ni wengi, vilima vimelimwa hadi juu, na msitu uliobaki, kama ule wa Nyamusisi, ni mdogo. Uzuri wa Idjwi ni njia za miguu kati ya migomba na mikahawa, na maji yasiyo na mamba wala kiboko.

Halafu kuna sambaza. Jua likizama, wavuvi hutoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawaka, wanapiga kasia wakiimba. Usiku usio na mbalamwezi ndio wao, kwa sababu samaki hufuata mwanga wa taa. Alfajiri utawakuta akina mama ufukoni wakipima kwa kopo samaki wembamba wa urefu wa kidole, bado wanang'aa. "Onja kwanza, papa, bei tutaongea," atakuambia mmoja, akikusogezea waliokwisha kukaangwa. Huliwa wazima, kichwa na mifupa, kwa pilipili, chumvi na ndimu, pembeni bugali wa muhogo na sombe. Aliyezoea sambaza wakavu wa sokoni ataona kama hajawahi kula samaki huyu.

Wapenzi wa kusema "chakula cha mababu" wapunguze sauti kidogo. Sambaza waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Muhogo na nanasi asili yake ni Amerika. Lakini onja nanasi la Idjwi lililoivia shambani, likakatwa pale pale, maji yake yakakutiririka hadi kiwikoni, kisha uniambie kama linahitaji cheti cha kuzaliwa. Kasiksi, pombe ya ndizi, nayo ipo; ni tamu mdomoni, kwa hiyo nenda nayo polepole.

Kahawa ina habari chungu zaidi. Kwa miaka mingi wakulima wa Idjwi waliivusha usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda kutafuta bei, na wapo waliozama njiani. Katika miaka ya 2010 vyama vya ushirika vilianza kuosha na kuuza arabika ya kisiwani kwa wanunuzi wa ng'ambo. Cha kushangaza, nyumba nyingi za wageni za Kivu bado zinakupa kahawa ya unga ya kopo. Ikatae, uliza ya hapo hapo.

Safari yenyewe si ya kukurupuka. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu, Februari 2025, hali ya barabara na vizuizi hubadilika, hivyo uliza waliopita jana kabla ya kufunga mzigo. Ziwani nako kuna hatari: Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Goma ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Ukiona boti imejaa, shuka. Dai jaketi la kuokolea maisha hata wakikucheka.

Na wewe wa Bunyakiri, usiende mikono mitupu: beba chupa ya mawese ya kwenu. Mpe mama wa ufukoni akukaangie sambaza humo, na umwachie yatakayobaki.