Karatasi ya Maabara na Maradhi ya Mishipa

Katika maradhi yamwingiayo mwanadamu kwa siri, machache yana hila kama vaskulaitisi, ambayo ndani yake kinga ya mwili, badala ya kupambana na adui atokaye nje, huigeukia mishipa ya damu ya mwenyewe na kuivimbisha, hata mgonjwa akatokwa na damu puani, akaikohoa, na figo zake zikaharibika pasipo yeye kuhisi maumivu.

Mwaka 1982 matabibu wa Australia waliona katika damu ya wagonjwa wanane wa figo kingamwili zilizozielekea chembechembe zao wenyewe nyeupe. Na mwaka 1985 wenzao wa Uholanzi na Denmark wakabaini kuwa kingamwili hizo, ziitwazo ANCA, hufuatana na aina mojawapo ya maradhi haya. Furaha ilistahili, lakini ilizaa dhana, ambayo mimi naiona ina hatari kuliko ujinga wenyewe, kwamba karatasi ya maabara yatosha kukata shauri.

Mfikirie mtu wa kwetu, ambako kifua kikuu hakijatuhama, aliyekonda, anayekohoa damu, na picha yaonyesha tundu pafuni. ANCA imeonekana. Tabibu mwenye pupa akimwandikia saiklofosfamidi na steroidi, dawa zinazoidhoofisha kinga, atakuwa amemvua ngao mbele ya adui. Kwani kifua kikuu chenyewe huweza kuzizalisha kingamwili hizo, kama viwezavyo virusi vya UKIMWI, maambukizi ya vali za moyo, na hata haidralazini, dawa ya shinikizo la damu. Makohozi na yapimwe kwanza!

Na kukosekana kwa ANCA nako si dhamana: katika ile aina iandamanayo na pumu, zaidi ya nusu ya wagonjwa hawana ANCA, na mishipa mikubwa ikivimba, kipimo hiki hakina la kusema. Mwaka 2017 wataalamu wa mataifa waliafikiana kwamba zitafutwe kwanza kingamwili za protini mbili mahususi, PR3 na MPO, badala ya kutegemea jicho la mtu juu ya hadubini. Makosa yakapungua, hayakwisha. Kipande kidogo cha figo kikichunguzwa ndicho kisadikishacho zaidi, ingawa nacho mara nyingine huchukuliwa mahali pasipo na ugonjwa.

Basi msomaji, ukiambiwa damu yako haina ANCA, na pua ingali ikivuja na viungo vingali vikiuma, omba mkojo wako upimwe: damu isiyoonekana kwa macho hutambulikana kwa kijiti cha bei nafuu, na mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya figo kuingiliwa.