Mwani Uliopuuzwa Ulipokuwa Mdogo

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Askari huelewa upesi maneno haya, kwa kuwa adui hushindwa kwa urahisi kabla hajajenga ngome. Kisa cha mwani uitwao Caulerpa taxifolia ni ushahidi wa jambo hilo.

Katika nchi nyingi wako watu wafugao samaki na matumbawe ya baharini majumbani, ndani ya matangi ya kioo. Adui wao mkubwa ni mwani. Chakula kikizidi, mabaki yake huoza yakawa mbolea. Taa nazo zikiwaka kupita kiasi, mwani husitawi na kuyafunika matumbawe hata yakafa. Mfugaji hodari hupunguza chakula na mwanga, hung'oa mwani kwa mkono, hubadilisha sehemu ya maji, na huweka konokono wa kuula.

Lakini Caulerpa uliwekwa matangini kwa kusudi, maana ni mzuri kama manyoya ya kijani. Asili yake ni bahari za joto. Aina moja iliyokuzwa katika tangi la maonyesho mjini Stuttgart, Ujerumani, ilistahimili baridi, ikagawiwa kwingine hata ikafika Monaco. Mwaka 1984 ulionekana baharini, chini ya Jumba la Makumbusho ya Bahari la Monaco, ukiwa umeenea kiasi cha mita 1 ya mraba tu. Hakuna aliyeung'oa. Kufikia mwaka 1989 ulikuwa umefunika kama hekta 1.

Profesa Alexandre Meinesz wa Chuo Kikuu cha Nice alipiga mbiu. Badala ya kuchukua hatua, wakubwa walibishana ni nani wa kulaumiwa. Wakati huo mwani ulisafiri kwa nanga na nyavu, kwani kipande cha sentimita 1 chatosha kuchipua upya, na sumu iliyomo huwafukuza samaki wengi. Ukaingia Italia, Hispania, Kroatia na Tunisia. Miaka ya baadaye ulipungua sana katika pwani ya Ufaransa, lakini hakuna aliyeweza kujivunia ushindi huo.

Mwezi Juni 2000 wazamiaji waliuona mwani huo huo katika wangwa wa Agua Hedionda, mjini Carlsbad, California. Huko hawakungoja mabishano. Katika muda wa siku 17 walianza kuufunika kwa maturubai meusi yaliyokandamizwa kwa mifuko ya mchanga, wakapitisha klorini chini yake. Kisha wakaendelea kupiga doria majini kwa miaka. Mwaka 2001 sheria ya jimbo ilipiga marufuku kuuza na kumiliki mwani huo, na Julai 2006 ushindi ukatangazwa, baada ya kutumia zaidi ya dola milioni 7.

Nasi tunayo kumbukumbu yetu. Magugu maji, mmea upendwao kwa maua yake, yalionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, nayo yakaja kuziba bandari na njia za wavuvi.

Basi mwenye tangi asimwage maji wala mimea yake baharini, ziwani au mtoni. Mimea aigandishe barafuni kwanza, ndipo aitupe jalalani. Naye mlinzi wa mpaka au bandari akiona mmea mgeni majini, atoe taarifa siku ile ile. Mita moja hung'olewa na wachache. Hekta elfu hazing'olewi na jeshi zima.