KIUNZI HUDUMU, MTO HUFA: SAYANSI YA KUFUFUA MAKOCHI YA KALE

Kochi lililochakaa aghalabu hutupwa uani au hupasuliwa kuni. Mto wake umebonyea, kitambaa kimeraruka na miguu inatikisika. Hata hivyo, tukilichunguza kwa makini tutaona kwamba kochi ni mkusanyiko wa vitu vingi, na kila kimoja huzeeka kwa njia yake na kwa muda wake. Fundi anayetaka kulifufua hapana budi ajue kwanza ni kipi kilichokufa na ni kipi kingali kizima.

Mfano kutoka Italia

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni ya mpira ya Pirelli ilimwomba msanifu Marco Zanuso achunguze kama sponji la mpira lingeweza kutumika ndani ya viti. Mojawapo ya matunda ya kazi hiyo ni kochi liitwalo Lady, lililotengenezwa na kampuni ya Arflex, ambalo lilipata nishani ya dhahabu katika maonyesho ya Triennale mjini Milano mwaka 1951. Siku hizi makochi ya wakati huo hutafutwa sana ili yapambe nyumba mpya. Lakini fundi akivua kitambaa, mara nyingi hukuta sponji limekuwa gumu na linamomonyoka kama mkate mkavu.

Sababu yake ni hii. Mpira umejengwa kwa molekuli ndefu kama nyuzi. Oksijeni ya hewani huzishambulia nyuzi hizo. Baadhi hukatika, na nyingine hufungamana mno hata zikashindwa kunyumbuka. Joto na mwanga huharakisha kazi hiyo. Sponji la poliurethani nalo halisalimiki, kwani baadhi ya aina zake huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa.

Mbao ina tabia nyingine

Kochi la mninga au la mkongo lililomo sebuleni huko Kiranjeranje, wilayani Kilwa, halina sifa kubwa kama Lady, lakini linafuata kanuni zile zile. Sponji lake huweza kwisha upesi katika joto na unyevu wa pwani, ilhali kiunzi chake kinaweza kudumu vizazi kadhaa.

Mbao hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Inapofanya hivyo hutanuka na kusinyaa kwa upana, lakini kwa urefu haibadiliki sana. Kwa sababu hiyo, pale ulimi wa ubao mmoja unapoingia katika tundu la ubao mwingine, vipande viwili huvutana kila mwaka, na mwishowe gundi huachia. Huo ndio mtikisiko wa miguu. Si dalili ya mbao mbovu. Yatosha kukifungua kiungo, kukwangua gundi kuukuu, kupaka mpya na kukibana mpaka kikauke.

Adui wa kweli wa mbao ni bungua. Unga laini unaodondoka kutoka katika vitundu vidogo waonyesha kwamba wadudu wangali wakila. Aghalabu huanzia kwenye mbao nyeupe ya nje, yenye wanga mwingi, kuliko kwenye moyo wa mti.

Kazi ya fundi

Fundi mwangalifu huchora kila sehemu kabla ya kuifungua, na hukitunza kitambaa cha zamani kiwe kielelezo cha kukatia kipya. Kisha hubadilisha mikanda iliyolegea na kujaza mto upya. Si lazima ajaze sponji. Nyuzi za makumbi ya nazi zina ligini nyingi, kitu kinachozifanya zisioze upesi, na minazi haikosekani katika pwani ya Kilwa.

Faida kwa misitu

Mpingo, mti mashuhuri wa wilaya hiyo, huhitaji yapata miaka 70 hadi 100 kufikia umri wa kuvunwa. Mninga nao hukua polepole. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipata hati ya kimataifa ya FSC inayothibitisha uvunaji wa uangalifu. Lakini uangalifu msituni hautoshi ikiwa nyumbani kiunzi kizima kinachomwa kwa sababu ya mto uliokufa. Anayefufua kochi moja huacha mti mmoja uendelee kukua.

Jaribio la darasani

Chukueni mipira miwili ya kufungia karatasi. Mmoja uvutwe na kuanikwa juani, wa pili uwekwe gizani ndani ya chupa iliyofungwa. Baada ya majuma machache, ivuteni yote miwili na mlinganishe. Pia pimeni uzito wa kipande cha mbao wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Tofauti mtakayoipata ndiyo maji ambayo mbao imeyanywa.